Mkono Hewani, Mguu Nje

Jumapili, 2 Machi

Leo nimeona watu wazima wamevaa mavazi ya ngozi kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, jua la saa sita linawachoma, wakijisifu kwa kurudi walikotoka. Ndiyo mbio za pikipiki zenyewe. Unaondoka, unazunguka, unarudi palepale, unavua helmeti, halafu unaanza kusimulia kana kwamba umetoka vitani. Na kila msimuliaji ana wasikilizaji wake, ambao hawasikilizi chochote, wanangoja tu zamu yao ya kusimulia.

Aliyeniingiza humu ni Shemeji, mume wa mdogo wangu. Tangu aingie katika familia yetu hajachoka kunichokoza kwamba kazi yangu ni kuwafelisha wanaoendesha ilhali mwenyewe hakuna aliyewahi kuniona nikiendesha kitu cha maana. Mimi ni mtahini wa madereva. Nusu ya maisha yangu nimeyakalia kwenye kiti cha abiria, ubao wa kuandikia magotini, au nimesimama pembeni mwa uwanja nikitazama watu wakiangusha koni. Najua kila kosa linaloweza kufanywa na binadamu mwenye usukani, lakini usukani wenyewe naushika wa kwenda kazini na wa kurudi. Kwa hiyo Shemeji aliponirushia funguo za pikipiki yake ya zamani, niliguna, nikakunja uso, nikazidaka. Nilifurahi sana. Hilo sikumwambia yeyote.

Mgeni huvalishwa kizibao cha rangi ya chungwa juu ya mavazi ya ngozi, ili wenzake wajue kwamba huyu hajui lolote, wampite kwa mbali. Kinavuliwa mwisho wa msimu, Mkuu wa Mbio akiridhika kwamba walio nyuma yako wako salama. Asiporidhika, unaambiwa asante kwa kuja, usirudi. Mimi, ambaye hakuna dereva wa lori anayetoka getini kwetu bila sahihi yangu, nimevalishwa chungwa kama koni! Nitakivua hiki kitu. Nitakivua mbele yao wote, kisha niwapigie saluti ya dharau.

Jumatatu, 3 Machi

Mwili mzima unauma. Nimefelisha wengi leo. Walistahili.

Jumapili, 16 Machi

Siku ya mazoezi. Mkuu wa Mbio ni mzee mwenye filimbi shingoni, na nadhani hata nyumbani kwake huipuliza kabla ya kuomba chumvi. Aliizunguka pikipiki yangu akasimama mbele ya usukani.

"Hivi vioo vya nini?"

"Vya kuangalia nyuma."

"Toa."

Nilidhani ananitania. Akachukua spana akavifungua mwenyewe, maana pikipiki ikianguka, vioo hutapakaa njiani vikatoboa matairi ya wengine. Pikipiki isiyo na vioo mimi huirudisha kwao kabla hata haijawashwa.

Kisha akatupanga mstari kama watoto wa chekechea akatusomea sheria. Usiangalie nyuma hata siku moja, maana ukigeuza kichwa na pikipiki inageuka, na anayetakiwa kuona ni aliye nyuma. Mkono ukiinuliwa una maana moja tu: nimeharibikiwa, napunguza mwendo, nikwepeni. Ukitaka kumshukuru mwenzako, toa mguu wa kulia kwenye kikanyagio, uunyooshe nje kidogo. Akauonyesha. Mzee mzima, filimbi shingoni, mguu hewani kama mbwa aliyeona nguzo. Wenzangu wa chungwa waliitikia kwa vichwa, makini kabisa. Mimi nilitazama mawingu. Nawafundisha watu ishara za mkono tangu baadhi ya hawa hawajaota ndevu.

Halafu nikamwona Kinyozi.

Ana kibanda cha kunyolea nyuma ya ofisi yetu, na amekuja kwangu kutafuta leseni ya pikipiki mara nyingi kiasi kwamba mlinzi wetu humsalimia kwa jina la utani. Kila mara namrudisha kwa kosa lilelile: haangalii nyuma. Anaingia barabarani kama mfalme. Leo nimegundua kwamba mbumbumbu wangu huyo ndiye mwenye kasi kuliko wote hapa, na kwamba huletwa uwanjani na mkewe, kwenye pikapu, kwa kuwa hana leseni ya kujileta. Nilijikaza nisicheke mpaka mbavu zikauma.

Alikuja kunisalimia, meno yote nje.

"Madam! Karibu sana. Huku ndiko kwetu tusioangalia nyuma."

"Ndiyo maana mnaanguka," nikamjibu.

Akacheka sana. Watu wa aina hii huwezi kuwatukana, hawana pa kuliweka tusi.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua kutwa nzima. Kazini majaribio yote yameahirishwa. Mdogo wangu kanipigia kuniuliza kama nimeshaandika wosia, na kama mumewe naye kaandika. Nikamwambia mumewe anaendesha kwa mbwembwe lakini kwa woga, hafi mtu hapo.

Jumapili, 30 Machi

Mbio zangu za kwanza. Nimekuwa wa mwisho, lakini wa mwisho mwenye adabu: sikumgusa mtu, sikuingia mchangani. Tajiri wa Mbao, mfanyabiashara mmoja wa klabu, hakuwa wa kwanza, kwa hiyo tumesomewa hotuba kuhusu matairi yake. Ana pikipiki yenye thamani ya nyumba na kijana wa kuifuta vumbi. Kila akishindwa hulaumu mpira, na kila akishinda hausifu mpira. Aliyeshindana naye kweli ni Kinyozi peke yake, kwa pikipiki ambayo nusu ya mwili wake imeshikwa na gundi.

Jumapili, 13 Aprili

Naandika kwa sababu usingizi hauji.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Mvua ilikuwa imeacha, njia imekauka, na kwa mara ya kwanza sikuwa wa mwisho. Shemeji alikuwa nyuma yangu. Naomba hilo lieleweke: Shemeji, mwenye kelele zote zile, alikuwa nyuma yangu. Nilikuwa nikipiga kelele za furaha ndani ya helmeti kama kichaa.

Katikati ya mbio Kinyozi akanifikia ili anizidi mzunguko mzima. Tulikuwa tunaingia kwenye njia ndefu iliyonyooka. Alikuwa na uwezo wa kunikata kwa ndani, na Tajiri wa Mbao angefanya hivyo na kunigonga kwa bega. Kinyozi hakufanya. Alizunguka kwa mbali, akaniachia njia yangu yote, akapita kwa upole kama anayepita mbele ya mkwewe. Sijawahi kuona mtu akipita vizuri hivyo. Ningekuwa na ubao wangu ningemwandikia alama zote.

Nikainua mkono kumshukuru.

Barabarani ndivyo tunavyofanya. Umepishwa, unainua mkono. Nimewafundisha watu hivyo maisha yangu yote, na mkono uliinuka wenyewe kabla kichwa hakijaulizwa.

Shemeji aliuona mkono akadhani cheni yangu imekatika, au injini imekufa, na kwamba nitasimama mbele yake. Akafanya alichofundishwa. Alibana breki akanikwepa, tairi la mbele likateleza, akaenda mchangani. Sikuona chochote, sikuwa na vioo, na niliambiwa nisigeuke. Niliendelea kuzunguka nikicheka mpaka nilipokuta bendera nyekundu na watu wamepiga magoti kwenye mchanga.

Mtulinga wa Shemeji, mfupa ule wa begani, umevunjika mahali pawili. Msimu wake umekwisha.

Mkuu wa Mbio hakupuliza filimbi. Aliniuliza polepole, "Mama, ulikuwa na shida gani?" Nikasema sikuwa na shida. "Basi mkono ulikuwa wa nini?" Nikasema nilikuwa namshukuru mtu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kizibao changu.

Jumatatu, 14 Aprili

Hospitali. Shemeji amelala, bega limefungwa, anajaribu mizaha na uchungu unamkatiza. Mdogo wangu hakuniangalia. Nilipotaka kumshika alisogeza kiti.

"Dada," alisema, "wewe unajua kila kosa la kila mtu. La kwako ulikuwa unangoja nani akuonyeshe?"

Niliondoka nikiwa nimemkasirikia, na nikiwa najua kwamba sina haki hiyo.

Jioni Mkuu wa Mbio akanipigia. Naruhusiwa kumaliza msimu, lakini mbio za mwisho ndizo zitakazoamua. Nikifanya kosa moja tena, kizibao sivuliwi, nafukuzwa nacho.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeingia kambini, pale kando ya uwanja tunapoandalia pikipiki, leo asubuhi kufanya mazoezi. Mtu wa kwanza aliyeniona akainua mkono juu, mrefu, wenye heshima zote. Wa pili naye. Mpaka nafika kwenye maegesho nilikuwa nimepita katikati ya msitu wa mikono. Tajiri wa Mbao aliinua wake na wa kijana wake.

Wameupenda huu mzaha. Watu ambao hawana akili ya kutunga hata kitendawili, wamepewa mzaha uliokwisha kupikwa.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemaliza. Mikono mingi. Sikuwajibu.

Jumapili, 4 Mei

Mvua imefuta mbio. Tulikaa chini ya mahema tukiangalia maji. Tajiri wa Mbao alieleza namna ambavyo angeshinda kama isingenyesha. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anamnyoa Mkuu wa Mbio kisogo kwa mashine ya betri. Nilimtazama mkono wake kwa muda mrefu. Hautikisiki hata kidogo. Nimemfuata huyu mtu barabarani mara zote zile, sijawahi kumtazama mkono, nilikuwa natazama shingo tu.

Yeye peke yake hajaniinulia mkono tangu siku ile. Bado sijui kama ni adabu au ni dharau. Ningekuwa mimi, ingekuwa dharau.

Jumanne, 6 Mei

Nimempigia mdogo wangu. Hakupokea.

Jumapili, 18 Mei

Mvua asubuhi, jua mchana, njia ina mabaka ya maji. Tajiri wa Mbao amekwenda mbali zaidi leo. Baada ya bendera ya kumalizia, kwenye mzunguko wa kupoza injini, alinipita akainua mkono palepale njiani, na waliokuwa nyuma yake nao wakainua, mstari mzima, kama watoto wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni. Mkuu wa Mbio akapuliza filimbi mpaka mate yakamruka, lakini naye alikuwa anacheka, nilimwona.

Wapumbavu hawa hawaelewi wanachokifanya. Wamechukua alama moja pekee inayowaambia kwamba mbele kuna mtu anayekaribia kufa, wameifanya salamu. Niliwaambia hivyo kambini. Nikasema kwa sauti, "Siku mtu ataiinua kwa shida, mtaona ni mzaha, mtampanda mgongoni."

"Mwalimu wetu ni wewe, Madam," akasema Tajiri wa Mbao.

Wakaangua kicheko. Kinyozi hakucheka. Alikuwa anapaka cheni yake mafuta, na alininyanyulia macho mara moja, akarudi kwenye cheni.

Alhamisi, 22 Mei

Shemeji kanipigia kwa siri, akiwa bafuni, nasikia bomba linatiririka. Anasema nisithubutu kuacha. Anasema pikipiki yake haijawahi kwenda kasi hivyo akiwa yeye juu. Nikamwambia hilo nalijua. Tukacheka, halafu nikalia, halafu akasema mkewe anagonga mlango.

Jumapili, 1 Juni

Mbio za mwisho.

Hali ya hewa imepoa, mvua imekwisha, njia kavu. Kinyozi na Tajiri wa Mbao walikuwa sawa kwa pointi, kwa hiyo ambaye angemaliza mbele ya mwenzake ndiye angebeba kombe. Pikapu ya mke wa Kinyozi ilijaa wateja wake, vichwa vyote vimenyolewa vizuri. Shemeji alikuja na mkono wake umening'inizwa shingoni. Pembeni yake, uzioni, alisimama mdogo wangu, amefunga mikono kifuani, hajanisalimia.

Mimi nilikuwa na jambo langu moja. Kumaliza, kuvua chungwa, kupiga saluti.

Niliendesha vizuri. Nasema bila haya. Mzunguko kwa mzunguko sikufanya kosa, na nilikuwa nimewaacha wenye chungwa wote nyuma. Nilisikia milio ya wale wawili wanaoongoza ikikaribia kutoka nyuma, wakija kunizidi. Nikatoka kwenye kona ya mwisho, nikakaza mafuta kuingia njia ndefu, na cheni ikakatika.

Injini ilinguruma kama imeachiwa huru na pikipiki ikaacha kwenda. Nilikuwa katikati kabisa ya njia wanayopita wote, mwendo unaisha chini yangu, na nyuma ya kona, ambako bado hawanioni, wanakuja wawili ambao hakuna kati yao aliyekuwa tayari kupunguza.

Kichwa kilitaka kugeuka. Kila kitu nilichowahi kumfundisha mtu kilikuwa kinanipigia kelele niangalie nyuma. Sikuangalia. Nilinyoosha pikipiki, sikuyumba kushoto wala kulia, nikainua mkono.

Mkono wangu mimi, ambao klabu nzima imeucheka kwa wiki nyingi. Nilijua watakachofikiri. Mama huyo anashukuru tena. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na niliendelea kuushikilia mkono juu kwa sababu sikuwa na kingine cha kushikilia.

Halafu mlio mmoja nyuma yangu ukakatika. Mtu alikuwa amefunga mafuta kabisa. Kinyozi alinipita kwa nje, polepole, mkono wake mwenyewe ukiwa juu ili kuwaambia wa nyuma. Tajiri wa Mbao akapita upande wa pili, kichwa kimezama nyuma ya kioo cha upepo, karibu yangu hivi kwamba kizibao kilipeperuka. Hakuona mkono wangu wala wa Kinyozi, aliona nafasi. Wengine wote waliofuata walipunguza. Mimi nikasogea taratibu hadi kwenye majani, nikashuka.

Tajiri wa Mbao amebeba kombe. Kinyozi hakuweza kumfikia tena.

Mdogo wangu alikuja akikimbia, akanikumbatia huku akinitukana, akalia kwenye helmeti yangu kabla sijaivua.

Kambini, Tajiri wa Mbao, kombe kwapani, alimwita Kinyozi mbele za watu. "Umelitupa mwenyewe, ndugu yangu. Nani asiyejua kwamba mkono wa yule mama ni ahsante?"

"Ahsante?" akasema Kinyozi. "Huyu? Nimekwenda kwake miaka yote hii, hata karibu hajawahi kuniambia. Ameshukuru mara moja tu maishani na mtu akavunjika mtulinga. Nilipouona mkono nikajua kitu kimekatika."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ni tusi, ni kweli tupu, na ndilo lililoniweka hai.

Mkuu wa Mbio alikuja akanivua kizibao kwa mikono yake. Akasema nilinyoosha njia, sikugeuka, walio nyuma yangu walikuwa salama. Watu wakapiga makofi. Saluti niliyoiandaa tangu Machi ilikuwa tayari mkononi. Haikutoka.

Nilimfuata Kinyozi hadi kwenye pikapu. Alikuwa anafunga pikipiki yake kwa kamba, wateja wake wamenuna wote. Nikafungua mdomo kumwambia nilichokuja kumwambia.

"Tairi lako la nyuma limeisha," nikasema.

"Nimeliona, Madam."

Jumatatu, 2 Juni

Mimi ni mjinga.

Alhamisi, 12 Juni

Kinyozi alikuja kwa jaribio la leseni. Nilimwambia mwenzangu amtahini yeye, maana kuna watu watasema nampendelea. Kinyozi akakataa mbele ya foleni nzima.

"Nataka yeye. Mwingine akinipitisha, huyu mama ataniambia nimepitia mlango wa nyuma."

Nikachukua ubao. Nilimfuata na gari mjini kote, nikimtafutia kosa kwa nguvu zangu zote, maana hicho tu ndicho nilichonacho cha kumheshimu mtu. Aliangalia kushoto, kulia, vioo vyote viwili, na kila alipotaka kuondoka aligeuza shingo mpaka nikaogopa isije ikakatika. Lori lilipompisha aliinua mkono. Nilitafuta mpaka mwisho, sikupata kitu.

Nikaandika amefaulu. Mkono wangu haukutikisika, na wala sikupunguza ukali. Nikamwambia breki ya mbele anaibana sana.

"Sawa, Madam."

Aliwasha akaondoka peke yake, bila pikapu, kuelekea getini. Foleni ya wanaongoja kutahiniwa ilikuwa imejaa ukutani, wananiogopa kama kawaida, ubao nimeukumbatia kifuani. Nilimwangalia mgongo ukienda. Nikajua nikimwacha atoke hivi sitasema kamwe.

Nikasimama kwa mguu wa kushoto, nikanyoosha wa kulia nje, kama tulivyofundishwa uwanjani.

Niliushikilia hewani, nikiyumba, suruali ya ofisi ikinibana. Msichana mmoja kwenye foleni alimuuliza mwenzake kwa hofu kama hilo nalo limo kwenye mtihani. Sikuushusha.

Kinyozi alifika getini, akasimama, akaangalia nyuma.